Uzi: "Balansi" kwa Kiswahili chetu tuiteje? Nimeshindwa na mtoto wa gredi ya sita

#1 Dafu_Baridi
Salaam wanajamvi.

Mimi nauza madafu kwa baiskeli, njia zangu ni Makadara mpaka Ngomeni, baadhi yenu humu mshaninywea. Nyuma nafunga vikapu viwili, kimoja kulia kimoja kushoto. Kanuni yangu ni moja: mteja wa kwanza nikimpa dafu la kulia, wa pili nampa la kushoto. Siku nikisahau nikauza matano ya upande mmoja mfululizo, baiskeli yalala chini na mimi bado nimeshika usukani.

Juzi kijana wangu kaja kunisaidia. Akauliza mbona nachagua hivyo. Nikamwambia "balansi". Akaniambia mwalimu kawakataza neno hilo, si Kiswahili, waseme "usawa". Haya, nikamwambia hesabu. Kulia yalikuwa madafu 8, makubwa makubwa. Kushoto 11, yale madogo. Usawa uko wapi hapo? Na baiskeli imesimama wima kama askari wa gwaride. Akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana neno lenyewe la kumpa sikuwa nalo.

Sasa nauliza nyinyi mliosoma. Kile kitu kinachoizuia baiskeli yangu isianguke, sisi wa Mombasa twakiitaje?

#2 MbaraMwema
Balansi ni balansi, kaka. Mbona mnajisumbua? Nikimpa makanga mia na nauli ni hamsini, nadai balansi yangu. Kila mtu anaelewa.

#3 BintiMajengo
Hiyo ni CHENJI. Uko Mombasa mwaka wa ngapi sasa? Na makanga akikwambia "balansi utaichukua ukishuka", ujue ishakwenda hiyo.

#4 Maalim_Vina
Neno ni mizani, bwana wa madafu, wala kijana asikusumbue. Latokana na Kiarabu, na shina hilohilo ndilo lililotuzalia uzani na wizani. Fungua Sura ya Ar-Rahman, aya ya 7 mpaka ya 9, utalikuta mara tatu kwa mfuatano. Laanzia mbinguni, laishia kwa muuza duka anayepunja. Neno lililobeba mbingu halishindwi kubeba vikapu viwili vya madafu.

Kisha sisi washairi tunayo mizani yetu. Mshororo wa shairi wataka mizani 16, 8 ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 utao, nusu ya pili. Ndivyo walivyotunga wazee wa mji huu tangu enzi za Muyaka bin Haji.

#5 Kibokoni_Boy
Maalim, hapo kwenye shairi mizani ni hesabu ya silabi tu, uzito haumo. "Kipepeo" ni nne, "mbwa" ni moja. Kwa hivyo yule mtoto yuko sawa, 8 kwa 8. Muuza madafu ndiye mwenye 8 kwa 11.

#6 Maalim_Vina
Kibokoni_Boy, "mbwa" ni mizani mbili. M-bwa. Hebu litamke uone mkazo waangukia wapi. Waangukia kwenye hiyo "m". Vivyo hivyo n-chi na m-tu. Ukienda kutunga ukihesabu mbwa moja, shairi lako litachechemea.

#7 Kibokoni_Boy
Nimekubali mbwa. Swali la madafu bado liko palepale.

#8 Tanboi_Mstaafu
Nimekaa kwenye malori miaka 14, Changamwe kwenda Malaba. Hili swali nililijibiwa Mariakani, nikiwa nimesimama juani.

Tulipakia magunia kwenye godauni moja, waliopakia walikuwa na haraka wakajaza nyuma. Nikapiga hesabu ya uzito wote, tuko chini ya kikomo, nikalala usingizi. Kufika mizani, kumbe kule hawapimi jumla peke yake, wapima na kila kundi la ekseli, ile mihimili ya magurudumu. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 yasema ekseli tatu za nyuma zilizoshikana mwisho tani 24, zile mbili mwisho tani 18, na ile ya usukani tani 8. Gari lenye ekseli 7 mwisho tani 56 kwa jumla. Sisi jumla tulikuwa salama, lakini za nyuma zilipita. Ikabidi tutafute vijana, tufungue turubai, magunia yahamishwe kwenda mbele. Hakuna gunia hata moja lililoteremshwa. Uzito ni uleule, ila sasa tumepita.

Kwa hivyo Maalim, kusema "mizani" hakutoshi. Mizani yangu ilikuwa sawa na bado nilikuwa na makosa. Sisi kule husema "kupanga mzigo".

#9 MbaraMwema
Sasa ikiwa jumla ni sawa, ekseli zinawahusu nini? Si kutafutia watu makosa tu?

#10 Mtaalamu_wa_Lami
Hapana. Barabara haibebi jumla ya lori, yabeba gurudumu linaloikanyaga wakati huo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Illinois, Marekani, walijenga barabara za majaribio, malori yakazunguka juu yake miezi na miezi mpaka zikaharibika. Wakaona uharibifu haupandi sambamba na mzigo, wapanda kwa kipeo cha nne hivi. Ukiizidishia ekseli humusi ya mzigo wake, barabara yaumia karibu mara mbili. Ndiyo maana njia ya malori huwa na mabonde na ile ya salunikaa iko laini.

#11 BintiMajengo
"Salunikaa" 😂 Kiswahili kitamu.

#12 Hamali_Marikiti
Naona mwazungumza malori, hakuna aliyeuliza sisi wa mkokoteni.

Mkokoteni una ekseli moja, na mwenye kuufundisha mwili wako ni huo huo. Ukipakia mitungi 20 ya lita 20, hizo ni kilo 400 za maji. Mzigo ukikaa nyuma ya magurudumu, mpini wakunyanyua juu, miguu yaning'inia, watu wakucheka. Ukikaa mbele sana, mabega yang'oka. Wataka uzito uegemee mbele kidogo, kidogo tu, mkono uhisi kuna mtu amekushika. Nasi hatupimi. Ukiweka mtungi wa mwisho waunyanyua mpini, waona wenyewe.

Sasa huo uzito mdogo wa mbele si usawa, kwani ukiwa sawasawa kabisa ndio hatari. Ukigonga shimo mpini waenda juu au chini, hujui. Sisi twasema mkokoteni "umetulia" au "haujatulia".

#13 Dafu_Baridi
Hamali ahsante. "Umetulia". Hilo nalipenda. Lakini mwalimu wa kijana ataliandika?

#14 Fundi_Rimu
Nami niongeze la gereji, maana kule balansi ni pesa yangu ya kila siku.

Mteja huja akasema usukani watetemeka akifika 80 au 100. Tairi jipya, rimu haijapinda. Twaliweka kwenye mashine, lazunguka, mashine yasema hapa pataka kubandikwa gramu 30 za risasi. Wateja hushangaa: gramu 30 kwa gari la tani moja na nusu? Sasa sikilizeni. Kwenye kasi ya 80 tairi la kawaida lazunguka mara 11 hivi kwa sekunde. Zile gramu 30 zilizopungua upande mmoja wa rimu zavuta kwa nguvu kama ya kilo 3. Ukifika 100 yakaribia kilo 5, na zavuta juu, chini, mbele, nyuma, mara kadhaa kila sekunde. Ndiyo mtetemo huo.

Na ajabu yake, tairi hilohilo likisimama halina neno. Wapo wanaochanganya balansi na alaimenti. Alaimenti ni magurudumu yatazame kunakotakiwa. Gari likivuta upande, hiyo haiponi kwa risasi za rimu.

#15 Kibokoni_Boy
Fundi, kwa hivyo kuna balansi ya kusimama na balansi ya kwenda, vitu viwili tofauti?

#16 Fundi_Rimu
Ndivyo. Tairi laweza kuning'inia sawa kabisa bila kuzunguka upande wowote, na likienda likayumba kama mlevi, kwa sababu uzito wa ndani na wa nje ya rimu haukupangwa mkabala.

#17 Nahodha_Tudor
Vijana, nyote mwasema kweli, lakini mmetafuta neno gereji ilhali liko baharini.

Chombo kikiyumba, twasema chaenda mrama. Nyinyi mwasema "mambo yameenda mrama" mkiachwa na wachumba, hamjui mwasema habari za jahazi. Dawa ya mrama ni farumi: mchanga au mawe yawekwayo chini kabisa ya chombo kisicho na shehena. Jahazi lililokwenda na boriti halikuhitaji farumi, mzigo wenyewe ulitosha. Likirudi tupu, bila farumi, upepo wa tanga walilaza.

Ngalawa haina tumbo la kuwekea farumi. Kwa hivyo ina mirengu miwili, zile mbao za kuelea, huku na huku. Ukiinama kulia, mrengu wa kulia waingia majini, maji yausukuma juu. Kwa hivyo ziko njia mbili: kushusha uzito chini, au kupanua mikono. Bwana wa madafu, vikapu vyako vingening'inia chini ya kitovu cha gurudumu, usingeanguka hovyo.

#18 Dafu_Baridi
Nahodha, vikishuka hivyo vyapiga kwenye matuta ya barabarani.

#19 Kilindini_Shifti
Kwa meli kubwa ni mamoja na alivyosema Nahodha, ila farumi sasa ni maji ya bahari, yavutwa na pampu kwenye matangi. Tena tangu Septemba 2017 kuna mkataba wa kimataifa wa kuyasafisha, maana meli ilikuwa ikivuta maji bandari moja, ikamwaga nyingine, na vijidudu na kombe za huko vyahamia hapa. Na tangu Julai 2016 kontena haipandi melini bila uzito wake kuthibitishwa. Kabla ya hapo mwenye mzigo aliandika alichotaka, aliyepanga meli akaamini, kontena nzito ikakaa juu na nyepesi chini. Wenyewe mwajua mwisho wake.

#20 BintiMajengo
Kwa habari hizo za vyombo, feri ya Mtongwe nayo ilikuwa hivyo? Nilikuwa mdogo sana. 1995?

#21 Nahodha_Tudor
Ilizama tarehe 29 Aprili 1994, mwanangu. Watu 272 walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na wapo wasemao watu walisogea mbele kwa pamoja ili wateremke mapema. Mimi sina la kuongeza hapo. Mungu awarehemu.

#22 Hamali_Marikiti
Amin.

#23 Dafu_Baridi
Amin. Jirani yetu mmoja alikuwemo. Tangu hapo mamangu akipanda feri ya Likoni husimama katikati, hata mvua ikinyesha.

#24 Hesabu_Kali
Niwatoe huko. Wahasibu tunalo neno na hakuna aliyetutaja. Ni *urari*. Urari wa biashara, urari wa malipo. Na ile karatasi ya mwisho wa mwaka inayoonyesha mali upande mmoja na madeni na mtaji upande wa pili ni *mizania*. Mfumo wa kuandika kila shilingi mara mbili ulichapishwa Venice mwaka 1494 na mtawa mmoja, Luca Pacioli. Mimi huuandikia chama cha kina mama mtaani na bado haujapitwa.

Tahadhari lakini. Hesabu kulingana si ushahidi kwamba ni za kweli. Mwaka juzi pande mbili zililingana mpaka senti, nikatembea kifua mbele. Kumbe nilikosea mara mbili, kosa likafuta kosa. Shilingi elfu tatu za mama mmoja zilikuwa kwa jina la mwingine.

#25 MbaraMwema
Asante Hesabu! Ile pesa inayobaki kwa akaunti si balansi? Kwa hivyo mimi niko sawa tangu #2.

#26 Kamusi_Mbovu
Nitamtetea MbaraMwema, msinipige mawe. Hilo neno lenyewe, kabla ya Waingereza, lilitoka Kilatini, na maana yake ni vitanga viwili, vile vya mizani ya sonara. Yaani ukisema "balansi" umesema "mizani" kwa njia ya kuzunguka Ulaya. Na "mizani" nayo tuliipokea kutoka Uarabuni, "usawa" vilevile. Sasa kwa nini mgeni aliyekuja kwa jahazi awe mwenyeji, aliyekuja kwa meli ya moshi awe haramu?

Halafu tazameni neno letu wenyewe. *Kuwia* ni kudai, *kuwiwa* ni kudaiwa. *Kuwiana* basi ni kudaiana, na hapo ndipo ulipotoka *uwiano*. Kwa hivyo babu zetu nao waliona deni na usawa ni kitu kimoja. Anayedai balansi kwa makanga amefuata babu bila kujua.

#27 Maalim_Vina
Hiyo ya kuwiana umeinyoosha sana, bwana Kamusi. Maneno kufanana si udugu. Lakini ni nzuri, nitaiiba.

#28 Muuguzi_Ganjoni
Habari zenu. Zamu ya usiku imetulia kidogo. Mmezunguka nje kote, na mizani ya kwanza mnayo ndani ya sikio.

Sikio la ndani lina mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa maji, kila mmoja umeelekea upande wake. Ukigeuza kichwa, maji yachelewa kidogo, vinyweleo vyapindwa, ubongo wajua umegeuka. Kando yake vipo vifuko viwili vyenye vipunje vya chokaa, hivyo ndivyo vyakwambia chini ni wapi. Ubongo wachanganya hizo habari na za macho na za nyayo. Kigegezi cha chomboni chatokea habari zikipingana: macho yaona deki imetulia, sikio lasema twapanda twashuka.

Wazee wengi hutujia na kizunguzungu wakigeuka tu kitandani, wakidhani ni presha. Mara nyingine ni vile vipunje vimepotea njia vikaingia kwenye mfereji, na daktari huvirudisha kwa kukulaza na kukugeuza kichwa kwa mpango. Si kila kizunguzungu ni hicho, kwa hivyo mtu aende akapimwe, asigeuzwe shingo na shemeji.

Jaribuni: simama mguu mmoja, hesabu. Halafu fumba macho.

#29 Kibokoni_Boy
Macho wazi nimefika 60, nikachoka mwenyewe. Macho yamefumbwa: 7. Birika la mama limevunjika.

#30 Tanboi_Mstaafu
4. Lakini mimi nina kitambi.

#31 Kibokoni_Boy
Turudi kwa baiskeli. Dafu_Baridi asema yaanguka ikisimama. Ikienda mbona haianguki? Nilifundishwa ni magurudumu kuzunguka, kama pia ya kuchezea watoto. Pia ikizunguka yasimama, ikichoka yalala.

#32 Mtaalamu_wa_Lami
Hayo ya pia yalijaribiwa. Mwaka 1970 mkemia mmoja wa Uingereza, David Jones, aliifungia baiskeli gurudumu la ziada linalozunguka kinyume, ili athari ya pia ijifute. Akaipanda, ikaendeshwa bila taabu. Yeye akasema siri ni gurudumu la mbele kugusa ardhi nyuma kidogo ya pale mhimili wa usukani unapoelekea. Ikiinama kulia, usukani wakata kulia wenyewe, baiskeli yajiokota.

Kisha 2011 watafiti wa Delft na Cornell wakatengeneza kibaiskeli kisicho na hili wala lile, wakakisukuma, kikajisimamia. Kwa hivyo hata wao hawajamaliza. Wanachokubaliana ni kwamba baiskeli yajielekeza kule inakoangukia, ikawahi kujiweka chini ya uzito wake. Kwa nini hasa, ni mchanganyiko wa mambo.

#33 Hamali_Marikiti
Yaani wasomi wamejenga baiskeli mbili kugundua kwamba ukianguka kulia ukate kulia. Mtoto wa Kongowea alijua akiwa na miaka mitano, na magoti yake ndiyo cheti.

#34 Mama_Kasimele
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mmesahau kichwa cha mwanamke.

Mimi nimekulia Kaloleni, maji twatoa mbali. Ndoo ya lita 20 kichwani, chini yake kata ya kitambaa iliyosokotwa. Hatushiki kwa mkono. Juu ya maji twaweka majani, au bakuli lielee, ili maji yasipige mawimbi. Maji yakianza kucheza, shingo haiwezi tena. Unaenda na mwendo wa maji, huendi na wako. Nikiulizwa hiyo ni nini, nilikuwa nasema "nimeituliza". Kwa hivyo naungana na hamali.

Na jikoni ni neno jingine kabisa. Samaki wa kupaka: kasimele (tui zito), ukwaju, pilipili, chumvi. Kimoja kikipanda juu, vingine vyalia. Vikikubaliana twasema *imekolea*. Hakuna aliyeonja akasema "ina usawa". Chumvi ikizidi natia kiazi, chainyonya.

#35 Muuguzi_Ganjoni
Mama, kiazi hakichagui chumvi. Chanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, unaobaki ni mkali vilevile. Ni kuongeza tui au maji tu.

#36 Mama_Kasimele
Mwanangu, nimepika miaka 40. Njoo Jumapili uonje ndipo uje unisahihishe.

#37 Muuguzi_Ganjoni
Nakuja 🙏

#38 BintiMajengo
Ofisini kwetu walituletea semina, bango kubwa mbele: "Uwiano wa Kazi na Maisha". Nikajiuliza, kwani nikiwa kazini ninakuwa nimekufa? Mkufunzi akachora mizani, kitanga kimoja kazi, kingine familia, tuvilinganishe. Semina yenyewe ikaisha saa moja na nusu usiku. Nilifika nyumbani mtoto kalala.

Mamangu alikuwa na genge, nami nikimfanyia kazi za shule juu ya gunia la vitunguu. Kazi iko wapi, maisha yako wapi? Vilikuwa kikapu kimoja.

#39 Tanboi_Mstaafu
Sikubaliani, dada. Mimi maisha yalibaki Mombasa na kazi ikaenda Malaba. Kijana wangu wa kwanza alianza kutembea nikaambiwa kwa simu. Hicho ni kitanga kweli, na hakuna wa kukuhamishia magunia.

#40 Kibokoni_Boy
Kwa mizani ya majumbani tumuulize Nahodha, mwenye nyumba mbili, moja Likoni na moja Kisauni.

#41 Nahodha_Tudor
Heshima, kijana. Nami nitakujibu. Neno la hapo ni *uadilifu*. Siku kwa siku, matumizi kwa matumizi. Nikinunua changu kilo mbili huku, kilo mbili kule. Moyo haugawiki hivyo, na sheria yenyewe hainiulizi moyo, yaniuliza usiku na matumizi. Lakini kuna jambo halimo vitabuni: feri ikichelewa, zamu ya Likoni yapungua saa mbili. Nani alipe?

#42 BintiMajengo
Feri ilipe 😂

#43 Mama_Kasimele
Alipe kwa kiazi.

#44 Maalim_Vina
Mmenitia hamu ya kutunga. Ubeti mmoja tu:

*Mizani si ya dukani, hata moyoni huwemo,*
*Ya feri na ngalawani, hupotea, watu wamo,*
*Ya mke na kazini, haipimwi kwa kipimo,*
*Usawa uko njiani, ukisimama haumo.*

#45 Kibokoni_Boy
Maalim!!! Mshororo wa tatu, ukwapi: ya-m-ke-na-ka-zi-ni. Saba! Nimehesabu kwa vidole, na "mke" nimeupa mbili kama ulivyonifundisha #6.

#46 Hesabu_Kali
Nathibitisha, 7. Jumla ya ubeti 63 badala ya 64.

#47 Maalim_Vina
Simu hii ilikula silabi. Someni *"Ya mke na ya kazini"*. Na nyinyi mliokuwa mwapinga kuhesabu, leo mwahesabu.

#48 Fundi_Rimu
Silabi moja tu na shairi zima latetemeka. Gramu 30 hizo.

#49 Dafu_Baridi
Wanajamvi, nimerudi. Nimekaa na kijana jana usiku, nikamsomea majibu yenu yote, isipokuwa la Nahodha. Alitakiwa aandike sentensi moja. Kaandika: "Baiskeli ya baba imetulia kwa sababu madafu yanawiana ingawa hayako sawa." Nikamuuliza kayatoa wapi hayo, akasema mwenyewe. Kuhusu vikapu, nimevishusha inchi nne kama alivyosema Nahodha. Bado vyagusa matuta, lakini asubuhi nimeuza manne ya kulia kwa bahati mbaya na haikuanguka. Au ni kwa sababu niliegesha ukutani, sijui.

#50 Kamusi_Mbovu
"Yanawiana"! Mwalimu kasemaje?

#51 Dafu_Baridi
Kaweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Twasubiri Jumatatu.

#52 MbaraMwema
Kaka, kesho niko upande wa Ngomeni. Dafu moja pesa ngapi?

#53 Dafu_Baridi
Sitini. Lakini uje na pesa kamili, asubuhi huwa sina balansi.

#54 BintiMajengo
CHENJI!!!